Kugandisha mayai ya ng'ombe: kwa nini ujuzi wa mtungi wa mbegu peke yake hautoshi (Lindi na Mtwara)

Ndama_wa_Mikindani

Wakuu, swali hili linajirudia sana kwenye nyuzi za uhimilishaji (kupandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija), kwa hiyo limestahili uzi wake. Ng'ombe mzuri amevunjika mguu, au amezeeka na anapelekwa machinjioni. Je, mayai yake yanaweza kutolewa na kuhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika kama tunavyohifadhi mbegu za dume? Yanaweza. Ila anayedhani atatia glisaroli, ajaze mrija, auning'inize kwenye mvuke kisha auzamishe, atakuja kuyeyusha uji.

Tofauti iko kwenye ukubwa. Kichwa cha mbegu ya dume kina urefu wa maikromita 9 hivi na karibu hakina maji. Yai la ng'ombe lina kipenyo cha maikromita 120, na pamoja na ganda lake la zona linafika kama 150. Ni seli moja iliyojaa maji, na ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na kilichomo ndani. Maji hutoka polepole, dawa ya kinga (inayozuia barafu) huingia polepole, na glisaroli ndiyo inayochelewa zaidi. Maji yaliyobaki ndani yakigeuka chembe za barafu, yai limekwisha.

Kuna mafuta pia. Yai la ng'ombe ni jeusi-jeusi kwa sababu ya matone ya mafuta, na utando wake una mafuta yanayogangamala likipoa. Hivyo linaumia hata kabla ya kuganda, likipitishwa polepole kati ya nyuzi 20 na 10 za Selsiasi. Halafu kuna spindeli, nyuzi zinazoshika kromosomu za yai lililokomaa. Baridi huzifumua, kromosomu zikabaki zinaelea.

Ndiyo maana mashine ya kugandisha taratibu, ambayo ni nzuri kwa viinitete (mayai yaliyokwisha kutungishwa na kuanza kukua), inafanya vibaya kwa mayai: inalikawiza yai palepale linapoumia. Njia inayofaa ni vitrifikesheni, yaani kupoza kwa kasi kubwa ndani ya kiowevu kizito kiasi kwamba maji hayapati nafasi ya kujipanga kuwa barafu. Yanakuwa kama kioo.

Matarajio yenu yawe ya kweli. Mayai yasiyogandishwa, yakitungishwa maabara vizuri, hutoa blastosisti (viinitete vya siku ya 7 hivi) 30 hadi 40 kwa kila mayai 100. Yaliyogandishwa, maabara nyingi hupata kati ya 5 na 20. Kazi yenyewe si ngeni. Taarifa za ndama waliotokana na mayai yaliyogandishwa zilitoka Japani mwaka 1992, mwaka 1998 Gábor Vajta na wenzake wakaeleza njia ya mrija uliovutwa, na 2005 Masashige Kuwayama akaeleza kijiti cha Cryotop. Kasi ya kupoza imeongezeka tangu hapo, lakini yai la ng'ombe bado ni jeuri.

Kiangazi_Nachingwea

Shukrani mkuu. Kabla hatujafika kwenye kugandisha, ovari zinasafirishwaje kutoka machinjioni? Wengi hapa wangezitupia kwenye barafu kama jodari wa feri.

Bi_Hadubini

Barafu hapana kabisa, kaka. Utakuwa umeyaua kwa ile baridi iliyotajwa hapo juu hata kabla hujafungua chupa ya dawa.

Chukua chupa ya chai inayotunza joto. Weka maji ya chumvi: gramu 9 za chumvi safi ya maabara kwa lita 1 ya maji yaliyokenekwa, na penisilini na streptomaisini ndani yake. Yawe nyuzi 30 hadi 35. Ovari ioshwe damu mara mbili kwenye maji hayohayo kabla ya kuingia chupani. Lenga kufika maabara ndani ya saa 4. Kutoka Lindi mjini hadi Mtwara ni kilomita mia moja na kidogo, kwa hiyo umbali si tatizo. Tatizo ni chupa kuachwa juani kwenye bodaboda, au ovari kukaa mezani machinjioni zikisubiri mwenye ng'ombe apatane bei na mchinjaji.

Kunyonya: sindano namba 18 na bomba la mililita 10, folikuli za milimita 2 hadi 8. Hayo mavimbe makubwa ya zaidi ya milimita 10 yaache, yasikutamanishe. Vuta polepole. Ukivuta kwa pupa unalivua yai seli za kumulasi zinazolizunguka, na yai lililo uchi kabla ya kukomaa halina faida. Acha majimaji yatulie dakika 10 kwenye tubu yenye ncha, nyonya mashapo ya chini, tafuta kwa hadubini. Chagua yenye tabaka 3 au zaidi za kumulasi na ute wa ndani ulio sawasawa, bila mabaka.

Zebu wetu (ng'ombe wa nundu) wana neema moja: folikuli zinazokua pamoja kwa kila wimbi ni nyingi kuliko za ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Wabrazili wamejenga kazi yao kubwa ya viinitete vya maabara juu ya sifa hiyo ya zebu.

Kukomaza: TCM-199 (kiowevu cha kulishia seli) yenye seramu ya ndama asilimia 10, homoni za FSH na LH, na antibayotiki, mayai 10 kwa tone la maikrolita 50 chini ya mafuta ya madini, nyuzi 38.5, kabonidayoksaidi asilimia 5, unyevu wa kutosha, saa 22 hadi 24. Pigeni hesabu ya saa mapema. Ng'ombe akichinjwa saa 11 alfajiri na mayai yakaingia inkubeta saa 4 asubuhi, saa 22 zinatimia saa 2 asubuhi ya kesho yake. Hiyo ndiyo saa ya kugandisha, kwa hiyo naitrojeni iwe imefika jana, isiwe inasubiriwa.

Fundi_Mirija_Masasi

Kwa nini kusubiri yakomae? Si bora kuyagandisha yakiwa mabichi, kabla spindeli haijajengeka?

Ndama_wa_Mikindani

Kwa hoja, uko sahihi. Kwa vitendo, yai bichi linalishwa na seli za kumulasi kupitia vijinyuzi vinavyopenya zona. Ukiligandisha, vijinyuzi hivyo hukatika, ukija kuliyeyusha halikomai vizuri. Kwa ng'ombe, yai lililokomaa ndilo linalotoa matokeo bora kwa kawaida, na spindeli ina uwezo wa kujijenga upya ukilipa muda. Tutafika huko.

Sasa viowevu. Dawa zetu za kinga ni mbili, ethilini glaikoli na DMSO. Msingi ni TCM-199 yenye HEPES, ili isibadilike uasidi ikiwa nje ya inkubeta, pamoja na seramu ya ndama asilimia 20.

Kiowevu cha kwanza, mililita 10: ethilini glaikoli 0.75, DMSO 0.75, seramu 2, TCM 6.5.

Kiowevu cha pili, mililita 10: ethilini glaikoli 1.5, DMSO 1.5, seramu 2, sukrosi gramu 1.71 (hiyo ni nusu mola kwa lita), kisha TCM hadi alama ya 10.

Hapo kwenye "hadi alama" ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanapiga hesabu kwamba 1.5 na 1.5 na 2 ni 5, basi wanaongeza TCM mililita 5. Sukrosi nayo ina ujazo wake, gramu 1.71 inakula karibu mililita 1. Utapata mililita 11, na kila kitu kimezimuliwa kwa sehemu moja katika kumi. Kwa kioo, tofauti hiyo inatosha kuzalisha barafu. Yeyusha sukrosi kwanza kwenye seramu na mililita 3 za TCM, kwenye maji ya nyuzi 37, ukizungusha bila kutikisa povu. Ikishakuwa safi, tia ethilini glaikoli na DMSO, subiri ipoe maana mchanganyiko hutoa joto, ndipo ujaze hadi 10.

Kuchuja: chuja ule msingi kwa chujio la maikromita 0.22 kabla ya kutia DMSO. DMSO nzito huyeyusha baadhi ya utando wa machujio, hasa ya selulosi, na utakuwa unachuja plastiki kuingia kwenye mayai. Vaa glavu, inapenya ngozi. Ukiikuta imekuwa jiwe ndani ya friji usishtuke, DMSO safi huganda chini ya nyuzi 18.5.

Bi_Hadubini

Niongezee hatua za mkono, maana huko ndiko sekunde zinakopotea.

Kwanza punguza kumulasi. Kimeng'enya cha haialuronidezi, miligramu 1 kwa mililita, dakika moja au mbili, ukinyonya na kutoa kwa pipeti. Acha tabaka chache, usilikwangue likang'aa. Seli hizo zitasaidia utungisho baadaye. Pipeti ya kioo iwe na tundu la maikromita 200 hivi. Tundu la 150 litalikamua yai, la 400 litabeba kiowevu kingi mno.

Kiowevu cha kwanza dakika 10 hadi 15. Usitazame saa peke yake, tazama yai. Litanywea kwanza, kisha litajaa taratibu. Likirudi karibu na ukubwa wake, limeshakunywa dawa ya kutosha.

Kiowevu cha pili sekunde 30 hadi 60, na hizo sekunde zinajumlisha kuliosha, kulipakia na kulizamisha. Hapa yai huelea, kwa sababu kiowevu ni kizito kuliko lenyewe. Mgeni hulitafuta chini sekunde 40 nzima huku linaungua na sumu ya dawa. Panda na lenzi juu. Lipitishe kwenye matone matatu ya kiowevu hichohicho ili kile cha kwanza kisibaki kimelizunguka.

Pakia mayai 2 hadi 4 kwenye ncha ya kijiti, kisha nyonya kiowevu cha ziada hadi ibaki filamu tu, chini ya maikrolita 0.1. Kisha zamisha moja kwa moja na utikise kidogo. Wapishi wataelewa sababu: tone la maji kwenye kikaango cha moto hucheza juu ya mvuke wake lenyewe na halikauki haraka. Tone kubwa kwenye naitrojeni hufanyiwa hivyohivyo. Naitrojeni huchemka kulizunguka, na ule mvuke unakuwa blanketi. Filamu nyembamba haipati blanketi.

Fundi_Mirija_Masasi

Vijiti hivyo ni vya kuagiza nje na ni vya bei. Mirija ya mbegu ya mililita 0.25 tunayo tele. Ile ya kuvuta inatengenezwaje?

Ndama_wa_Mikindani

Toa pamba. Lainisha katikati ya mrija juu ya bamba la moto, si ndani ya mwali, kisha vuta hadi kipenyo cha ndani kipungue kutoka milimita 1.7 hadi kama 0.8, na ukuta kutoka 0.15 hadi 0.07. Kata pale palipo pembamba kwa wembe mpya. Kingo zikiwa na matege, kiowevu hakipandi sawa. Gusa tone lenye mayai kwa ncha, litapanda lenyewe maikrolita 1 hadi 2, kisha zamisha ukiwa umeusimamisha. Mrija wa kawaida hupoza kama nyuzi 2,500 kwa dakika, uliovutwa huzidi 20,000. Kijiti bado kinaushinda kwenye kuyeyusha, lakini kwa kujifunzia mrija unatosha kabisa.

Chumvi_ya_Kilwa

Wakuu, maelekezo yote hayo yanasema "joto la chumba". Chumba cha nani? Huku Kilwa Masoko mwezi wa kwanza, chumba ni nyuzi 32 na unyevu unadondoka ukutani.

Bi_Hadubini

Swali zuri kuliko yote humu. Joto la chumba la vitabu ni nyuzi 25 hadi 27. Ukifanya kwa 32, dawa inaingia haraka zaidi na sumu yake inaenda kasi zaidi, hivyo dakika 15 za mwenzako ni nyingi kwako. Washa kiyoyozi mapema, pima joto la kiowevu chenyewe, si la ukuta, na kama hakishuki chini ya 29, fuata umbo la yai na ubaki kwenye sekunde 30 za kiowevu cha pili.

Lakini kiyoyozi nacho kikipuliza juu ya meza hukausha matone. Tone la maikrolita 20 lisilofunikwa hupoteza maji, chumvi na sukari zinapanda, na kiowevu chako cha kwanza kinaelekea kuwa cha pili bila wewe kujua. Tumia visima vya maikrolita 300, vifunike, geuza upepo pembeni.

Unyevu wa pwani una hila yake: kijiti kilichopoa kikipunga hewani kinavaa theluji papo hapo, na kofia yake haifungi. Kivishe kofia hiyo chini ya naitrojeni, mikono yote miwili ikiwa karibu na uso wa kimiminika.

Fundi_Mirija_Masasi

Hapa nabisha kidogo. Kama ovari ninazo, inkubeta ninayo na mbegu ninazo, kwa nini nisitungishe kwanza nikagandisha kiinitete cha siku ya 7? Kinastahimili zaidi.

Ndama_wa_Mikindani

Hubishi, unasema kweli. Kiinitete kina seli nyingi ndogo. Zikifa chache, zilizobaki huendelea. Yai ni seli moja, halina akiba. Kiinitete kizuri kilichotoka kwa ng'ombe mwenyewe unakigandisha kwa ethilini glaikoli mola 1.5, unashusha nusu nyuzi kwa dakika hadi kama −32, unazamisha, na siku ya kupandikiza mhimilishaji anayeyusha na kupandikiza bila hadubini. Hata vya maabara, ambavyo ni legelege zaidi, vinastahimili kuliko mayai.

Kugandisha mayai kuna nafasi mbili tu za maana. Moja, jike amekufa au anachinjwa leo na mbegu za dume unalomtaka hazipo, labda ziko bado kituo cha uhimilishaji cha Usa River, Arusha. Mbili, unahifadhi ukoo wa ng'ombe unaopotea na hutaki kuamua leo iungane na dume gani. Nje ya hapo, tungisha.

Kiangazi_Nachingwea

Na kuyeyusha? Mbegu tunaweka maji ya 37 sekunde 30 basi.

Bi_Hadubini

Kuyeyusha ndiko kunakoua zaidi, na watu wanakuchukulia kama kazi ya kumalizia. Mazur na Seki walionyesha 2009 kwa mayai ya panya kwamba kasi ya kupasha joto ina uzito kuliko kasi ya kupoza. Kioo kikipanda polepole juu ya nyuzi −120 hivi, maji hupata wasaa wa kujipanga, na barafu iliyokwepwa wakati wa kupoza inazaliwa wakati wa kuyeyusha.

Sukrosi mola 1 (gramu 3.42 kwa mililita 10), angalau mililita 1 kwenye kisahani, nyuzi 37 zilizopimwa ndani ya kiowevu. Bamba la joto likisoma 37, kiowevu mara nyingi kiko 35. Chombo cha naitrojeni kiguse kisahani. Kijiti kitoke kwenye naitrojeni na kuingia kwenye sukrosi kwa chini ya sekunde moja. Dakika 1 hapo, kisha sukrosi nusu mola dakika 3, kisha msingi mtupu dakika 5 mara mbili. Sukari inazuia maji yasilirudie yai kwa kishindo. Ukiruka hatua, linavimba na kupasuka.

Baada ya hapo lirudishe kwenye kiowevu cha kukomazia, inkubeta, saa 2. Ndio muda wa spindeli kujijenga. Kisha utungisho kama kawaida: heparini maikrogramu 10 kwa mililita, mbegu hai milioni 1 kwa mililita, saa 18 hadi 20.

Ndama_wa_Mikindani

Naongezea onyo kwa wahimilishaji, maana tabia yetu ya mtungi ndiyo adui. Mrija wa mbegu tunauinua hadi shingoni mwa mtungi, tunasoma, tunarudisha, tunatafuta mwingine. Mrija una uzito wa kuhimili sekunde kadhaa. Kijiti chenye maikrolita 0.1 hakina uzito wowote wa kutunza baridi. Ukikiinua kwenye shingo kusoma jina, umekiyeyusha na kukigandisha tena, na kwa macho hutaona kitu. Kila uhamisho ufanyike ndani ya ndoo ndogo ya povu iliyojaa naitrojeni.

Chumvi_ya_Kilwa

Tukiwa kwenye mtungi: gesi asilia ipo Songo Songo na Mnazi Bay, lakini naitrojeni kimiminika ikiwa inakuja kwa gari kutoka Dar, barabara ikikatika umekwama. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara pale Somanga, kila mwenye mtungi Kusini alipaswa kujua ana siku ngapi.

Ndama_wa_Mikindani

Na kujua huko ni kwa kijiti kikavu cha mbao. Zamisha hadi chini sekunde 10, toa, kipunge hewani, pima alama ya theluji. Andika kila Jumatatu. Mtungi mzuri wa lita 20 uliofungwa hupoteza karibu lita 0.1 kwa siku. Ukifunguliwa kila siku kwenye joto letu, punguza hesabu ya siku zako kwa nusu au zaidi. Ukiona kasi imepanda ghafla, au jasho kwenye bega la mtungi, utupu wake umekufa. Hamisha vitu siku hiyohiyo. Na usizibe mfuniko kwa nguvu: lita 1 huwa karibu lita 700 za gesi. Kwenye gari, vioo viwe wazi.

Kiangazi_Nachingwea

Tuseme nimefuata yote na sipati blastosisti hata moja. Naanzia wapi kutafuta?

Bi_Hadubini

Gawa mayai mafungu matatu kila mara. La kwanza usiliguse. La pili lipitishe kwenye viowevu vyote, vya kugandishia na vya kuyeyushia, bila naitrojeni. La tatu ligandishe. La kwanza likifeli, tatizo ni ovari, inkubeta au mbegu, usilaumu kugandisha. Inkubeta iliyopanda hadi 41 baada ya umeme kurudi inatosha kuua kila kitu. La pili likifeli na la kwanza liko sawa, ni sumu: muda mrefu, chumba cha moto, au kiowevu kilichopimwa vibaya. La tatu peke yake likifeli, ni kasi: tone kubwa au kuyeyusha kizembe.

Kuna la nne la kujificha: mayai yanaonekana hai, duara, yanang'aa, lakini mbegu haziingii. Dawa hupandisha kalsiamu ndani ya yai, nalo hukaza zona kana kwamba limeshatungishwa. Msingi usio na kalsiamu hupunguza hilo. Ndiyo maana kuhesabu mayai yaliyo "hai" kwa macho hakusemi mengi. Hesabu yaliyogawanyika siku ya 2 na blastosisti za siku ya 7.

Fundi_Mirija_Masasi

Nguruwe je? Masasi wako wengi.

Ndama_wa_Mikindani

Usianzie hapo. Yai la nguruwe lina mafuta mengi hadi ni jeusi tii. Mbuzi na kondoo wana mafuta kidogo kuliko nguruwe, lakini ovari zao ni ndogo na mara nyingi utazichanja kwa wembe badala ya kunyonya.

Chumvi_ya_Kilwa

La mwisho: lebo. Peni za kawaida zinafutika.

Bi_Hadubini

Penseli kwenye karatasi ngumu ndani ya kopo, na peni ya kuhimili naitrojeni kwenye mpini wa kijiti. Andika kabla ya kupoza, ukishapoa wino haushiki. Namba ya jike, tarehe, idadi ya mayai, aina ya kiowevu. Nakala iwe daftarini, na daftari lisikae chumba kimoja na mtungi.